Fedha Njiani, Mto Mlangoni

Mtambo wa kusafisha majitaka hujengwa bondeni, chini ya mji mzima. Majitaka hufuata mteremko wa bomba kutoka chooni hadi mwisho wa mji, na mwisho wa mji mara nyingi ni mto. Miaka nenda miaka rudi mteremko huo ni neema, maana haudai mshahara wala umeme. Siku mto ukifurika, mtambo ndio unaotangulia kuzama.

Hayo yaliukuta mji wa Johnson, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, Julai 2023. Johnson ina watu wapatao 3,500 na imekaa pale mto Gihon unapoingia katika mto Lamoille. Tarehe 10 na 11 mvua ilishuka juu ya milima ambayo udongo wake ulikuwa umeshashiba maji. Sehemu kadhaa za jimbo zilipata zaidi ya milimita 200 ndani ya siku mbili. Mabonde ya huko ni membamba, na miji imejipanga kando ya mito kwa sababu viwanda vya zamani viliendeshwa kwa nguvu ya maji. Mto ukipanda hauna pa kutawanyikia isipokuwa barabarani na majumbani. Barabara za Montpelier, makao makuu ya jimbo, ziligeuka mito. Johnson ilipoteza mtambo wake wa majitaka. Kusini zaidi, Ludlow, mji wa wakazi kama 2,200 unaoishi kwa wageni wanaokuja kuteleza kwenye theluji, mtambo wake nao uliingiwa na maji.

Nimeichagua miji hii ya nchi tajiri kwa makusudi. Kwetu mradi ukikwama tunajua wa kumlaumu kabla hatujauliza: mkandarasi kala, mfadhili kachelewesha, mwanasiasa kageuza. Mara nyingi lawama hizo ni za haki. Lakini zinatufanya tuamini kwamba pakiwa na sheria, wahandisi na vitabu vya hesabu vilivyonyooka, mradi utakwenda kama ulivyoandikwa. Vermont ina vyote hivyo. Rais aliitangaza hali ya maafa tarehe 14 Julai, siku tatu tu baada ya mvua, na mlango wa fedha za serikali kuu ukafunguka. Hata hivyo ukarabati wa miundombinu kama hii umehesabiwa kwa miaka. Kinachochelewesha hapo kimo ndani ya namna miradi yenyewe inavyopangwa, na ni kilekile kinachotukwamisha sisi.

Kwanza tuone ni nini hasa kinachoharibika, kwa sababu watu wengi wakisikia mfumo wa majitaka wanafikiria bomba tu. Bomba ni sehemu ngumu, tena limefukiwa. Kinachokufa kwenye mafuriko ni umeme: mota za pampu, paneli za kuongozea mitambo, nyaya, vipimo, jenereta. Mota ikinywa maji ya mto yenye matope, kuikausha kunaweza kusaidia kwa wiki chache, kisha ikaungua. Halafu kuna viumbe hai. Mtambo wa aina inayotumika sana hutegemea bakteria wanaokula uchafu ndani ya matangi yanayopuliziwa hewa. Mafuriko yakiwasomba, au hewa ikikatika kwa muda mrefu, fundi hana swichi ya kuwarudisha. Inabidi aazime tope lenye bakteria kutoka mtambo wa mji jirani, alimimine matangini, aanze kulea upya kama mtu anayelea chachu, na apime maji kila siku hadi yafae kuachiliwa mtoni. Siku zote hizo watu wa mji wanaendelea kwenda chooni. Hakuna mwenye mamlaka ya kuwaambia wasubiri.

Na mabomba yenyewe, ijapokuwa hayazami, yana kisa chake. Katika miji mikongwe ya Marekani mengi ni ya udongo wa kuchoma, vipande vifupi vilivyounganishwa kimoja baada ya kingine, na kila kiungo ni mlango. Mizizi ya miti inaingia kutafuta maji. Maji ya ardhini yanaingia yakiwa mengi. Vifuniko vya chemba vimelika pembeni. Zaidi ya hayo yote, kuna nyumba ambazo mabomba ya paa na pampu za chumba cha chini ya ardhi zimeunganishwa kwenye bomba la majitaka, ama na wajenzi wa zamani, ama na mwenye nyumba aliyechoka kuona maji yakisimama. Mvua kubwa ikija, mtambo uliojengwa kupokea maji ya vyoo na jikoni hupokea mvua ya mji mzima.

Anayeishi Dar es Salaam atalielewa jambo hili bila kuelezwa. Kwetu mfumo wa mabomba umefika sehemu ndogo ya jiji na walio wengi wanatumia vyoo vya shimo na makaro. Masika ikifika, wapo wanaotapisha vyoo: wanafungulia shimo mvua ikiwa imekolea ili maji yapeleke uchafu kwa jirani wa chini. Tunawakemea, na tunapaswa kuwakemea. Lakini gari la kunyonya majitaka lina bei, njia ya mtaani haipitishi gari, na shimo limejaa. Yule wa Vermont anamwaga maji ya mvua kwenye bomba la majitaka, wa Dar anamwaga majitaka kwenye maji ya mvua. Wote wawili wanatatua shida ya nyumbani kwao kwa kuipeleka chini ya mteremko. Ndiyo maana ukarabati wa mfumo hauwezi kuwa wa bomba la barabarani peke yake. Lazima uingie uani kwa mtu, na huko mkataba wa mkandarasi haufiki.

Kuwatafuta wahusika ni kazi ya subira. Mafundi hupuliza moshi usio na madhara ndani ya bomba, kisha wanatembea mitaani wakitazama unatokea wapi. Ukifuka kwenye mfereji wa paa, wameshajua. Hupitisha pia kamera ndogo yenye magurudumu ndani ya bomba, mita kwa mita, wakiandika kila ufa. Bomba lililochakaa ila halijaporomoka linaweza kuvalishwa ngozi mpya kwa ndani: mfuko laini uliolowekwa utomvu wa kemikali husukumwa ndani, ukapashwa moto, ukakakamaa, na barabara haichimbwi. Mbinu ni nzuri na zimejaribiwa miaka mingi. Shida ipo kwenye kuzilipia.

Hapa historia inabidi iingie. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha Sheria ya Maji Safi, na serikali kuu ikaanza kulipa asilimia 75 ya gharama ya kujenga mitambo ya majitaka. Ilikuwa ruzuku, hairudishwi. Miji midogo ambayo isingeota kujenga mtambo ilijenga. Mito iliyokuwa inanuka ikaanza kupona, na ninaamini hiyo ni moja ya kazi bora ambazo serikali yoyote imewahi kufanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Bunge lilipunguza sehemu ya serikali kuu hadi asilimia 55. Mwaka 1987 ruzuku zikaanza kuondolewa, na mahali pake pakawekwa mifuko ya mikopo ya majimbo. Basi walichopewa akina babu, wajukuu wanakikarabati kwa mkopo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Waliopanga walihesabu ujenzi na wakausahau uzee.

Sasa turudi Johnson, maji yamepungua, tope limebaki. Fedha za maafa hupitia shirika la serikali kuu, FEMA. Mitambo ya maji na majitaka imo katika kundi F la orodha zao. Utaratibu, kwa kifupi, ni huu: wakaguzi wanakuja, uharibifu unaandikwa, upeo wa kazi unakubaliwa, gharama inakadiriwa, athari za mazingira zinapitiwa, ndipo mradi unaidhinishwa. Kwa kawaida serikali kuu hubeba asilimia 75, iliyobaki inabebwa na jimbo na mji. Na jambo linalowaumiza wadogo: kwa sehemu kubwa mji hutangulia kulipa, ukapeleka risiti, ukarudishiwa. Kwa jiji kubwa huo ni usumbufu wa mhasibu. Kwa mji ambao bili za majitaka hulipwa na mamia ya nyumba tu, kutanguliza mamilioni ya dola ni kwenda benki, na Vermont deni la muda mrefu la mji lazima lipigiwe kura na wananchi.

Kisha kuna swali la nini hasa kijengwe. Kanuni ya msingi ya fedha hizo ni kurudisha kitu kama kilivyokuwa, kwa viwango vya sasa. Gharama ya kukarabati ikizidi nusu ya gharama ya kujenga upya, ndipo kujenga upya kunaweza kukubaliwa. Kwa hiyo hesabu ya mtambo uliozama inakuwa mashauriano marefu: paneli hii ilikufa kwa mafuriko au ilikuwa imeshachakaa? Pampu hii ilinunuliwa lini? Iko wapi kumbukumbu ya matengenezo? Na mara nyingi kumbukumbu zilikuwa ndani ya jengo hilohilo lililozama. Naelewa kwa nini maswali yanaulizwa. Ni fedha za umma. Lakini nani anayajibu? Mji mdogo hauna idara ya miradi. Una karani, msimamizi, fundi mmoja au wawili wenye leseni ya kuendesha mtambo, na viongozi wa kuchaguliwa ambao mchana wana kazi zao nyingine. Mafundi walewale wanaolea bakteria ndio wanaotakiwa kutembea na mkaguzi. Kanuni inatoa miezi 18 ya kumaliza kazi za kudumu tangu maafa yatangazwe, na inaruhusu kuongeza. Anayeijua kazi hii anajua kuwa kubuni, kutangaza zabuni na kuagiza vifaa vya umeme kunaweza kuimaliza miezi hiyo kabla ya nondo ya kwanza kufungwa.

Katika nyaraka za miradi nilizosoma, za huku na za huko, safu ya hatari huwa na mfumuko wa bei, mvua na mabadiliko ya uongozi. Sijaona iliyoandika: fundi wetu ana miaka 60 na hana msaidizi. Ningependa kuiona.

Mto haukungoja fomu. Tarehe 18 Desemba 2023, miezi mitano tu baadaye, mvua ya joto iliyokuta theluji milimani iliujaza tena Lamoille, na Johnson ikaingiwa na maji tena. Tarehe 10 na 11 Julai 2024, mwaka mmoja kamili, masalia ya kimbunga Beryl yalipiga Vermont. Sehemu zilizoumia zaidi safari hiyo hazikuwa zote zilezile, lakini kwa jimbo lenye watu wasiofika 700,000 ni mafundi walewale, wahandisi washauri walewale na ofisi zilezile waliogawanywa upya kabla hawajamaliza ya kwanza. Aprili 2025 serikali kuu ikatangaza kuufuta mpango mmojawapo wa ruzuku za kujikinga na maafa kabla hayajatokea, na majimbo yakaenda mahakamani. Mji uliokuwa umepanga bajeti kwa kuitegemea ruzuku hiyo ulijikuta na mchoro mkononi.

Nisiwasahau watu wetu. Hukohuko Vermont, karibu na jiji la Burlington, hasa Winooski, wapo Wakongo na Warundi waliofika kama wakimbizi, na Kiswahili kinasikika madukani. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zilizotumika kuonya watu baada ya mafuriko: usiingie kwenye maji hayo, yana uchafu wa vyoo, usinywe maji ya kisima kabla hayajapimwa. Mama aliyetoka Uvira, mji wa Kongo ambao mto Mulongwe uliuvamia Aprili 2020, haelezwi mara mbili.

Johnson imekuwa ikijadili kuupeleka mtambo mahali pa juu. Kwa macho ni jambo la wazi: mara mbili ndani ya mwaka mmoja inatosha. Lakini ardhi tambarare iliyo juu ya mafuriko, karibu na mabomba yaliyopo, si rahisi kupatikana katika bonde jembamba. Na majitaka hayapandi mlima yenyewe. Mtambo ukipanda, chini lazima kibaki kituo cha pampu, palepale mto unapofika, kijengwe kwa namna ya kustahimili maji, kiwe na jenereta iliyoinuliwa na mtu wa kukitazama usiku. Ruzuku inaweza kulipia jengo, pampu na bomba la kupandishia. Umeme wa kupandisha majitaka ya mji mzima, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, utaingia kwenye bili ya nyumba zilezile, ambazo tangu mtambo wa kwanza uwashwe zilikuwa zinasafirishiwa na mteremko bila malipo.