Ufahamu wa Barua Pepe: Usinaswe na Jibu la Kwanza

Watahiniwa wengi hukosa maswali ya barua pepe kwa sababu ya pupa, si kwa kutojua Kiingereza. Muda huwa mfupi: katika mtihani wa TOEIC, kwa mfano, sehemu ya kusoma ina maswali 100 kwa dakika 75. Fuata hatua hizi:

1. Anza na mwandishi, mpokeaji, tarehe na mada. Utajua nani anamwandikia nani, na kuhusu nini.
2. Soma maswali kabla ya barua. Pigia mstari neno kuu, hasa NOT, kwani hugeuza swali.
3. Kuwa makini na "but", "however" na "unfortunately". Baada yake habari hubadilika.
4. Rudi kwenye barua uhakikishe jibu lako.

Mfano wa hatua ya 3: "The meeting was planned for Monday. Unfortunately, the hall is being painted, so we will meet on Thursday."

Swali: When will they meet?

Mwenye pupa ataandika Monday kwa kuwa ameiona kwanza. Jibu sahihi ni Thursday.

Kumbuka: jibu ni lile linalothibitishwa na barua, si lile lililotangulia kuonekana.