Mwalimu wa Mlola, mlima ni ubao wako

MWENYEZI Mungu alipotaka kumfunza mwana wa Adamu namna ya kuusitiri mwili wa ndugu yake aliyemuua, alimleta kunguru afukue ardhi mbele ya macho yake. Kisa hiki kimo katika Suratul-Maida. Naye Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), kama alivyopokea Imamu Bukhari, aliwachorea Masahaba mraba, akapitisha katikati yake mstari uliotokeza nje, wapate kuona jinsi matumaini ya mtu yanavyovuka mpaka wa umri wake. Mwalimu mwenye hekima humwonyesha mwanafunzi, kisha humwacha atende.

Ndugu msomaji, tunayakumbusha haya kwa sababu shule zetu nyingi, na madrasa zetu pia, bado zinategemea kukariri peke yake. Kuhifadhi ni jambo tukufu, wala hatulipingi. Tatizo ni mtoto anayeweza kutaja kanuni bila kusita, lakini akikutana nayo shambani kwa baba yake asiitambue.

Chukueni mfano wa Mlola, katika Wilaya ya Lushoto. Mtoto wa huko amezaliwa mlimani. Mahindi, maharage na viazi vinalimwa kwenye miteremko, na kila msimu wa mvua anaona maji mekundu yakiteremka bondeni. Maji hayo yamebeba rutuba ya shamba lao. Ni wazi kwamba somo la mmomonyoko wa udongo halihitaji picha kutoka mbali. Mwalimu achukue makopo mawili yaliyotobolewa upande mmoja, moja alijaze udongo mtupu, la pili udongo uliofunikwa majani makavu, ayalaze kwa mwinamo mmoja na kuyamiminia maji kwa kipimo kilicho sawa. Wanafunzi wayakinge maji yanayotoka, wayalinganishe, kisha waeleze wao wenyewe kilichotokea.

Hesabu nayo imo mlimani. Wakulima hupima makinga maji kwa fremu ya miti mitatu yenye umbo la herufi A. Miguu miwili hulinganishwa urefu, mti wa tatu hulazwa katikati, na kutoka kileleni huning'inizwa kamba yenye jiwe, mfano wa timazi ya fundi mwashi. Fremu husimamishwa juu ya alama mbili, ikatiwa alama pale kamba inapokatiza mti wa katikati. Kisha miguu hubadilishana nafasi, ikatiwa alama ya pili. Nusu ya baina ya alama hizo ndiyo inayoonyesha usawa. Mwanafunzi aliyeitengeneza na kutembea nayo akipigilia mambo kwenye mteremko amejifunza pembetatu yenye pande mbili zilizo sawa, na amejua inafaa nini.

Madrasa nazo zisibaki nyuma. Katika somo la zaka ya mazao, ustadhi awaulize vijana: mahindi haya yalipataje maji? Yaliyonyweshwa na mvua au kijito, yakifika nisabu, hutolewa sehemu moja ya kumi; yaliyomwagiliwa kwa kuteka maji kwa taabu na gharama, sehemu moja ya ishirini. Wapeni magunia ya mfano wapige hesabu. Wataijua fiqhi, watazijua sehemu, na wataona uadilifu wa sheria inayomjali aliyetaabika.

Hata hivyo, tunatoa tahadhari. Si kila kazi ya mikono ni elimu. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua juu ya shamba la shule yao. Lakini pahala pengi mashamba hayo yaligeuka kuwa jembe tupu, na mengine kuwa adhabu. Mtoto anayelima bila kuulizwa kwa nini, wala kupima alichovuna, hakufundishwa, ametumikishwa.

Na milima hii ya Usambara inalo fundisho lake. Mwaka 1946 utawala wa Kiingereza ulianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, jirani na Mlola. Wakulima waliamrishwa kupiga matuta kwenye miteremko, na katika miaka ya 1950 waliupinga mpango huo kwa nguvu. Udongo ulikuwa unapotea kweli, lakini kazi nzito iliyoletwa kwa amri haikukubalika. Mradi wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981, ulikuja na njia nyingine: miti na nyasi zilizopandwa kuzuia udongo, nyasi ambazo pia zilikuwa malisho ya ng'ombe. Mkulima aliiona faida kwa macho yake. Ikiwa mtu mzima hakufundishika kwa amri, mtoto atafundishikaje kwa fimbo?

Mitaala mipya iliyoanza kutumika nchini Januari 2024 inasisitiza ujenzi wa umahiri na elimu ya amali. Hilo ni jema, lakini mtaala hauingii darasani kwa miguu yake. Tunawaomba wakuu wa shule wawape walimu nafasi ya kutoka nje na wanafunzi wao. Tunawaomba wazazi wasiseme mtoto anacheza wanapomwona na makopo ya udongo. Nanyi walimu, mkijua kuwa madarasa yamejaa na vifaa ni haba, gaweni watoto katika vikundi vidogo, na kila kikundi kipewe jambo la kupima na la kueleza.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwa mtoto wa Mlola methali hiyo ina maana mbili: akili yake inafinyangika sasa, na udongo wa mlima wake unateremka sasa. Akifundishwa vyema, atavihifadhi vyote viwili.

Wabillahi Tawfiq.