Madeni Scotland: Anayebisha hodi ana mamlaka gani?

Mtu aliyelemewa na madeni nchini Scotland hulindwa na sheria kuliko anavyodhani. Hata hivyo, ulinzi huo humfaa tu iwapo anafahamu ni nani aliyesimama mlangoni pake na ana mamlaka gani.

Scotland ni sehemu ya Uingereza, lakini ina mahakama zake na sheria zake za madeni. Kwa hiyo ushauri wa jamaa anayeishi London au Leicester, ingawa hutolewa kwa nia njema, huweza kumpotosha aliyehamia Glasgow au Edinburgh.

Hofu nayo huongeza utata. Nchini Kenya na Tanzania sheria bado inaruhusu, kwa masharti maalum, mdaiwa kupelekwa gerezani akiwa mfungwa wa madai, na aliyekulia huko huenda akadhani hali ni hiyo hiyo kila mahali.

Scotland iliachana na kifungo cha namna hiyo kwa sehemu kubwa mwaka 1880. Kabla ya hapo, wadaiwa walikuwa wakikimbilia eneo la Holyrood mjini Edinburgh, ambako wadai hawakuweza kuwakamata. Leo hakuna anayefungwa kwa sababu tu ameshindwa kulipa mkopo wa benki au bili ya umeme, ingawa faini za jinai na fedha za matunzo ya mtoto zina taratibu zake.

Mkusanya madeni na afisa wa sherifu

Kwa kawaida barua na simu za mwanzo hutoka kwa kampuni za kukusanya madeni. Wafanyakazi wake wanaweza kufika nyumbani, lakini hawana haki ya kuingia bila idhini wala kuchukua kitu chochote. Wakitakiwa kuondoka, hawana budi kuondoka, na ni marufuku kwao kujifanya watu wa mahakama.

Wenye mamlaka ni maafisa wa sherifu. Katika filamu za Marekani sherifu ni askari mwenye bastola. Nchini Scotland ni jaji. Kazi ya maafisa hao inakaribiana na ile ya dalali wa mahakama nchini Tanzania, na mdaiwa ana haki ya kutaka kuona kitambulisho chao.

Hata wao hawawezi kushika mali ya mdaiwa bila hukumu au hati ya mahakama. Kwa upande wa kodi ya nyumba inayotozwa na halmashauri, hati hiyo hupatikana bila mdaiwa kuitwa kujieleza, na deni huongezwa asilimia 10.

Kabla ya mshahara kukatwa, mdaiwa anayeishi Uingereza hupewa ilani rasmi ya kulipa ndani ya siku 14. Siku hizo ni muhimu mno, na anayeitupa ilani hiyo droonani huzipoteza bure.

Fedha zilizo benki pia zinaweza kuzuiliwa. Tangu Novemba 2022, pauni 1,000 katika akaunti ya mtu binafsi haziguswi. Kiasi kilichozuiliwa hukabidhiwa mdai baada ya wiki 14, isipokuwa kama kuna pingamizi.

Ama kuhusu vyombo vya ndani, utaratibu wa zamani wa kuvinadi ulichukiwa sana, hasa baada ya kodi ya kichwa kuanzishwa Scotland mwaka 1989. Bunge la Scotland liliufuta kwa sheria ya mwaka 2001. Sasa maafisa hawawezi kushika mali iliyomo ndani ya nyumba ya kuishi bila amri maalum ya sherifu, na vitanda, jokofu, vyombo vya kupikia na hata televisheni vimelindwa.

Miaka mitano, si sita

Nchini England, deni la kawaida likikaa miaka sita mdai hupoteza nafasi ya kushitaki, ingawa deni lenyewe hubaki. Nchini Scotland, deni la namna hiyo hufa kabisa baada ya miaka mitano, iwapo katika muda huo mdai hakufungua madai na mdaiwa hakulikiri.

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Malipo ya pauni tano, au barua ya kukubali deni, yakifanyika kabla ya miaka mitano kutimia, huanzisha hesabu upya. Aidha, deni lenye hukumu ya mahakama, na kodi ya halmashauri, hudumu miaka 20.

Njia za kujinasua

Mdaiwa anaweza kuomba kinga ya miezi sita, ambayo huwazuia wadai kuanza hatua za kukamata mali au mshahara wake. Ni muda wa kupumua na kutafuta ushauri; deni lenyewe halifutwi.

Mwenye kipato cha kutosha anaweza kujiunga na mpango wa kulipa deni lote kidogo kidogo, ulioanzishwa mwaka 2004, ambao husimamisha riba. Anayedaiwa pauni 5,000 au zaidi anaweza kutia saini hati ya kukabidhi mali yake kwa mdhamini mwenye leseni. Kwa kawaida hulipa anachoweza kwa miaka minne, na sehemu inayobaki husamehewa.

Hatua ya mwisho ni kutangazwa muflisi. Mtu hawezi kujiombea hatua hiyo bila kwanza kupata ushauri wa mshauri wa madeni aliyeidhinishwa. Asiye na nyumba, mwenye kipato kidogo na mali isiyozidi pauni 2,000, ana utaratibu mwepesi ambao kwa kawaida humweka huru baada ya miezi sita. Wengine husubiri angalau mwaka mmoja, na wenye ziada ya kipato huendelea kuchangia kwa miaka minne.

Kuna jambo linalowagusa zaidi wahamiaji. Anayefilisika hutakiwa kutaja mali yake yote, popote ilipo duniani. Kiwanja cha Kigamboni au nyumba iliyoko Mombasa haviko nje ya sheria hiyo, na kuvificha ni kosa.

Vilevile, kumhamishia ndugu mali au kumlipa rafiki kwanza huku wadai wengine wakiachwa, kunaweza kutenguliwa na mfilisi. Naye jamaa aliyedhamini mkopo hubaki akidaiwa hata baada ya mkopaji kusamehewa.

Si kila deni hufutwa. Mikopo ya elimu ya juu na faini za mahakama hubaki. Jina la muflisi huingizwa katika daftari linaloweza kusomwa na umma, na hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni hadi atakapoachiliwa.

Ushauri kuhusu haya yote hutolewa bure katika ofisi za Citizens Advice na katika halmashauri nyingi za Scotland. Anayekwenda huko hushauriwa kubeba barua zote alizopokea, hata zile ambazo hakuwahi kuzifungua, kwa kuwa tarehe zilizomo ndizo huonyesha ni njia ipi bado iko wazi kwake.