Redio ya muzee ikikoroma, musikimbilie lampi mupya

Katika nyumba nyingi za kambi, ile redio ya lampi ya muzee ingali juu ya kabati. Siku moja inaanza kukoroma, na watoto wanakimbia kutafuta lampi mupya. Tunawaomba: mungojee kwanza.

Lampi ya mwisho, ile inayosukuma sauti kwenye bafle, ina mulango mudogo unaoitwa grili. Grili inapaswa kukaa chini ya katodi kwa volti chache. Kwa EL84 ni karibu 7. Volti hizo njo zinazuia kurani isipite kipimo. Lakini kando yake kuna kondasateri ya karatasi. Ikizeeka inavuja: volti za lampi inayotangulia zinaingia pa grili, na mulango unabaki wazi. Lampi inapata moto mpaka inakuwa nyekundu. Mukiweka mupya, nayo itakufa vile vile, pengine pamoja na transfo. Basi mubadilishe kondasateri mbele ya lampi.

Na kama stesheni ya karibu inapasua masikio? Redio inajipunguza nguvu yenyewe: stesheni ikiwa na nguvu, volti hasi zinarudi kwenye lampi za kwanza kuzituliza. Kondasateri ya njia ile ikivuja, breki haipo tena.

Mbele ya kugusa ndani, muchomoe waya, kisha fundi apime. Kondasateri kubwa inaweza kushika zaidi ya volti 200 hata redio ikiwa imezimwa. Mutu aliyetoka salama chini ya udongo asije akaumia mbele ya redio.