Je, Wajua? "Went" Si Mtoto wa "Go"

Je, wajua kwamba "go" ya Kiingereza haina wakati uliopita wa kwake? Zamani ilikuwa nao. Katika Kiingereza cha kale mtu aliyekwenda alisemewa "eode", neno ambalo leo Mwingereza wa kawaida halitambui hata ukimwandikia. "Went" ilikuwa mali ya kitenzi kingine kabisa, "wend", chenye maana ya kugeuka na baadaye kushika njia; ilizaliwa kwa mtindo uleule ambao "send" huzaa "sent". Kufikia karne ya 15 watu wa kusini mwa Uingereza walikuwa wameachana na "eode" na vizazi vyake, wakaichukua "went" na kumkabidhi "go". Wahenga wetu walisema nguo ya kuazima haistiri matako. Hii imemstiri "go" kwa zaidi ya miaka 500.

Na "wend" aliyepokonywa? Alishonewa nyingine: "wended". Ipo kwenye kamusi hadi leo, ingawa ni nadra kuisikia. Waskoti nao hawakutaka ya kuazima, wakatengeneza "gaed" yao.

Je, wajua ni kwa nini "I have went" ni kosa? "Went" husimama peke yake: "I went", "they went", basi. "Gone" ndiyo inayotaka msaidizi mbele yake, yaani "have", "has" au "had". Kwa hiyo ni "I have gone", "she had gone", na hata pale maneno yanapojipanga foleni, "you should have gone". Usijione mnyonge ukiteleza hapo. Wapo wazawa wa Kiingereza, Marekani na Scotland, wanaosema "have went" tangu utotoni bila haya. Ila kwenye mtihani na barua ya kazi haikubaliki.

Je, wajua kwamba Kiswahili kinakusaidia kuepuka "Did you went?" Tazama "sikuenda". Wakati uliopita umekaa ndani ya "-ku-", na kitenzi kimebaki kilivyo. Hakuna anayesema "sikulienda". Kiingereza nacho hufanya hivyohivyo: "did" ikishabeba wakati uliopita, kitenzi hurudi kwenye umbo lake la mwanzo. "Did you go?" "I didn't go." Haibebwi mara mbili.

Je, wajua kwamba "gone" inaweza kumpoteza mtu aliyekwisha kurudi? Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa, hata wenye shahada. "Mother has gone to Zanzibar" maana yake mama yuko Zanzibar, au yuko njiani kwenda huko. Hapa nyumbani hayupo. Kama alikwenda akarudi na karafuu zake, sema "Mother has been to Zanzibar". Sisi tungesema "amewahi kufika Zanzibar". Sasa mfikirie mwombaji wa kazi aliyeketi mbele ya wanaomsaili, akasema kwa kujiamini "I have gone to Dubai". Kwa masikio ya Mwingereza, mtu huyo yuko Dubai, na kiti anachokikalia ni kitupu. Alitakiwa kusema "I have been to Dubai". Na akitaja siku au mwaka, "have" yote inaondoka: "I went to Dubai in 2019." Ukishaandika "yesterday", "last week" au mwaka uliopita, rudi kwa "went".

Je, wajua kwamba ukaidi wa "go" wa kuazima "went" hurithiwa? "Undergo", kupitia jambo kama vile upasuaji, haina safari yoyote ndani yake, lakini wakati wake uliopita ni "underwent". "Undergoed" haipo.

Je, wajua kwamba mtoto wa Kiingereza anayesema "goed" huwa anapiga hatua mbele? Mara nyingi huanza kwa kusema "went" vizuri, kwa sababu ameikariri kama alivyoisikia. Kisha anagundua kanuni ya "-ed", anaifurahia, na kuibandika kila mahali: "goed", pengine hata "wented". Mwaka 1958 mtafiti Jean Berko aliwaonyesha watoto michoro ya viumbe na vitendo vyenye majina ya kubuni, ambayo hawangeweza kuwa wameyasikia kokote, nao wakaweza kuyanyumbua. Walikuwa na kanuni kichwani. Hawakuwa wakikariri tu.

Je, wajua kwamba hata kwetu kitenzi cha kwenda kina vituko? Mwamuru mtu apike: "pika". Mwamuru aende: si "enda" bali "nenda". Aje? "Njoo." Alete? "Lete." Ndiyo maana Nairobi utasikia "kuja hapa" bila mtu kugeuka kushangaa. Kihispania kimezidi: "fui" ni "nilikwenda" na pia ni "nilikuwa". Mfaransa anayesema "je vais" leo husema "j'irai" kesho, na kitenzi ni kilekile.

Je, wajua kwamba vitenzi kumi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza vyote havifuati kanuni? "Be", "have", "do", "say", "go", "get", "make" na wenzao. Kutumika sana ndiko kunakovilinda: neno linalosikika kila saa hukaririwa na kila kizazi na ukaidi wake wote, ilhali lile la nadra husahaulika sura yake ya zamani, watu wakalibandika "-ed" tu. Mwaka 2007 watafiti wa Harvard walichapisha hesabu ya jambo hilo katika jarida la Nature. Walichukua vitenzi 177 vya Kiingereza cha kale visivyofuata kanuni, wakakuta 145 vilikuwa bado vikaidi katika Kiingereza cha kati, na 98 tu leo. Kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu ya kingine husalimu amri kwa kanuni haraka mara 10 zaidi. Waliotangulia kusalimu ni pamoja na "help": Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 bado ina "holpen" mahali ambapo leo tungeandika "helped". Watafiti hao walitabiri kwamba atakayefuata ni "wed", kufunga ndoa.

Je, wajua kwamba wapo wanaokwenda kinyume? "Sneak", kunyemelea, ilikuwa mtiifu na "sneaked" yake, hadi karne ya 19 Wamarekani walipoanza kusema "snuck". Leo imo kwenye kamusi.

Je, wajua kwamba "be" ina maumbo manane? Be, am, is, are, was, were, being, been. "Put" kwa upande wake haibadiliki ikienda wakati uliopita: leo "put", jana "put". Kwa hiyo "she put" ni ya jana, na "she puts" ni ya kila siku. Herufi moja tu ndiyo inayokuambia.

Je, wajua kwamba "gonna" haiwezi kukupeleka Mombasa? Unaweza kusema "I'm gonna eat", kwa kuwa hapo "going to" ni alama ya wakati ujao. Lakini "I'm gonna Mombasa" hakuna asemaye. Safari ya kweli hudai "going to" nzima.

Kama nyumbani kuna kijana anayejiandaa kwa mtihani, usimwanzishe na jedwali lile refu la vitenzi vikaidi nyuma ya kitabu, linalomfundisha "forsake" kabla hajaitumia "go" sawasawa. Mpe kumi vinavyotumika zaidi, kila kimoja ndani ya sentensi na msaidizi wake, na leo jioni mwulize tofauti ya "gone" na "been".