Caterham: Kiwanda cha Gari Moja Kilipotaka Kutengeneza la Pili



Katika mikutano yetu neno "upanuzi" hupigiwa makofi. Mwajiri akisimama na kusema kwamba mwaka ujao tunapanua, sisi husikia nafasi mpya za kazi, saa za ziada, na kijana wa nyumbani kupata ajira. Mara nyingine huwa hivyo kweli. Lakini upanuzi hula fedha kwanza, ndipo ulete fedha baadaye, na katika muda huo wa kungoja lazima awepo mtu anayeubeba mzigo. Ili tuone ni nani huyo, tutazame kiwanda kimoja kidogo cha Uingereza kiitwacho Caterham, ambacho kimeishi kwa gari la aina moja tangu mwaka 1973.

Gari hilo huitwa Seven. Lilibuniwa na Colin Chapman wa kampuni ya Lotus, likaanza kuuzwa mwaka 1957. Ni gari la michezo la watu wawili, halina nafasi ya mzigo wala ya familia. Milango ya kawaida halina, paa lake ni turubai. Mifupa yake ni mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, na juu yake hupigwa mabati ya alumini kwa ribiti. Lile jepesi kuliko yote katika miaka hii, Seven 170, lina uzito wa kilo 440 tu. Mimi sijapata kulipanda wala sitarajii, maana bei yake si ya mtu wa mshahara, lakini fundi yeyote akiliona anaelewa mara moja limeungwaje.

Tena mnunuzi aliweza kuliunga mwenyewe. Uingereza ya miaka ile ilitoza kodi gari zima, lakini vipuri vilivyouzwa kwa mtu akaunge gari lake havikutozwa kodi hiyo. Kwa hiyo Lotus iliuza Seven vipande vipande. Wenzetu wa Mombasa na Thika wanaounga malori yanayokuja kwa makontena watalitambua jambo hili: hesabu ni ile ile ya kodi, ila huku anayeunga ni mfanyakazi wa kiwandani, na kule alikuwa mwenye gari, siku ya Jumapili, nyuma ya nyumba yake.

Aprili 1973 Uingereza ilibadilisha kodi, ikaleta kodi ya ongezeko la thamani, na faida ile ikaondoka. Mwaka huo huo Lotus, ambayo ilikuwa inataka kutengeneza magari makubwa zaidi na ya bei kubwa zaidi, iliiacha Seven. Aliyeichukua ni Graham Nearn, mwenye duka la magari katika mji wa Caterham, kusini ya London. Mwaka 1974 aliurudia muundo wa tatu wa zamani, na tangu hapo sura ya gari haikubadilika sana. Injini zilibadilika, zikaja za Ford, za Rover, baadaye za Suzuki, lakini gari likabaki lile lile. Karakana ikahamia Dartford, katika jimbo la Kent.

Sasa, kwa nini kiwanda chenye gari linalopendwa kitafute jingine? Wenzetu wa mashambani wanajua jibu. Shamba lililopanda mkonge peke yake liliona cha moto nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni. Kadhalika kiwanda cha gari moja: ikitoka sheria mpya ya moshi au ya usalama, au wanunuzi wakizeeka na vijana wakataka kitu kingine, hakuna mahali pa kukimbilia. Kwa hiyo kutaka gari la pili si upumbavu.

Ugumu uko kwenye gharama. Mabati ya Seven mengi ni bapa au yamekunjwa upande mmoja. Yanakatwa na kukunjwa kwa mashine ndogo. Lakini ukitaka gari lenye milango inayofungika vizuri, vioo vya kupanda na kushuka, bodi ya mviringo isiyopitisha mvua, lazima utengeneze kalibu. Kalibu hulipiwa kabla gari la kwanza halijauzwa. Tuchukue hesabu ya mfano tu, si ya kiwanda chochote. Tuseme kalibu, majaribio na vibali vimekula shilingi milioni 100. Ukiuza magari 1,000, kila gari linabeba shilingi 100,000 za gharama hiyo. Ukiuza 50, kila gari linabeba shilingi milioni 2. Bati ni lile lile, jasho la fundi ni lile lile, lakini gari la pili haliuziki. Kiwanda kikubwa husambaza gharama juu ya maelfu ya magari. Kidogo hakina maelfu.

Caterham walijifunza hivyo kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Walitimiza miaka 21 ya kutengeneza Seven, wakaonyesha huko Birmingham gari jipya lililoitwa 21, lenye bodi ya mviringo, limejengwa juu ya mifupa ya Seven iliyoongezewa nguvu. Kabla halijasimama vizuri sokoni, Lotus nao walileta gari lao dogo jepesi, Elise, lililoanza kuuzwa mwaka 1996. Wanunuzi wakaenda huko. Magari ya 21 yaliyotengenezwa hayakufika 50. Hata hivyo Caterham haikufungwa. Seven iliendelea kutoka mlangoni kama kawaida.

Mwaka 2005 familia ya Nearn iliuza kampuni kwa wawekezaji, na mwaka 2011 ikanunuliwa na Tony Fernandes, tajiri wa Malaysia anayejulikana kwa shirika la ndege la AirAsia. Hapo upanuzi ukawa wa namna nyingine kabisa. Fernandes alikuwa tayari na timu ya mbio za langalanga, yaani Formula 1, iliyoanza kushindana mwaka 2010 kwa jina la Lotus. Kuanzia msimu wa 2012 timu ikaitwa Caterham, ikahamia Leafield, katika jimbo la Oxfordshire. Novemba 2012 yakatangazwa mapatano na Renault ya Ufaransa ya kutengeneza gari jipya la michezo pamoja, nusu kwa nusu, katika kiwanda cha Alpine mjini Dieppe. Mwaka 2013 zikatangazwa hata pikipiki. Jina la karakana ndogo ya Dartford likawa limebandikwa juu ya shughuli nyingi ambazo fundi wa Dartford hakuwa na mkono ndani yake.

Sasa tuende Leafield, kwa kuwa huko ndiko wafanyakazi walikoumia. Timu ya langalanga haiuzi kitu dukani. Inaishi kwa fedha za mwenye mali, za wadhamini, na zawadi za mashindano, na timu hii tangu 2010 haikupata hata pointi moja. Julai 2014 Fernandes alitangaza kuiuza kwa kundi la wawekezaji wa Uswisi na Mashariki ya Kati. Katika mwezi huo huo wafanyakazi zaidi ya 40 waliachishwa. Oktoba ukazuka mzozo: upande wa mnunuzi ulisema haujakabidhiwa hisa, upande wa muuzaji ulisema aliyenunua ndiye wa kulipa. Kila mmoja alimwonyesha kidole mwenziwe, na katikati wako wachomeleaji, wachoraji wa mitambo, madereva wa malori na watu wa jikoni, ambao hawakuwa na habari mwajiri wao ni yupi.

Jambo hili nawaomba mlisome polepole. Kibali cha kushiriki mashindano kilikuwa mikononi mwa kampuni moja, iliyoandikishwa Malaysia. Kazi ya kutengeneza magari ya mbio ilifanywa na kampuni nyingine ya Uingereza, iliyoitwa Caterham Sports Limited. Na karakana ya Dartford, inayotengeneza Seven, ilikuwa mbali na hizo. Kwenye ukuta jina ni moja, kwenye karatasi ni kampuni mbalimbali. Caterham Sports iliposhindwa madeni yake mwezi huo wa Oktoba, waliteuliwa wasimamizi wa ufilisi, na wafanyakazi wakafungiwa nje ya lango. Baadaye wote waliobaki, zaidi ya 200, wakapunguzwa kazi. Msimamizi aliwaomba wapenzi wa mbio watoe michango, zikakusanywa fedha zinazokaribia pauni milioni 2, na timu ikaenda kushindana kwa mara ya mwisho Abu Dhabi mwezi Novemba. Baadhi ya waliopunguzwa walichukuliwa tena kwa siku hizo chache ili magari yasafiri. Kisha ikawa ndiyo mwisho.

Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu 100 au zaidi mahali pamoja azungumze na wawakilishi wa wafanyakazi angalau siku 45 kabla ya kumwachisha wa kwanza. Asipofanya hivyo, baraza la kazi liliweza kuamuru kila aliyehusika alipwe mpaka mshahara wa siku 90. Na kampuni ikifilisika, mfuko wa bima ya taifa hulipa sehemu ya mshahara uliolimbikizwa, usiozidi wiki 8, na kwa kiwango chenye kikomo. Malipo ya kupunguzwa kazi hupata yule tu aliyetumika miaka 2 mfululizo. Mnaona basi kwamba fundi aliyevutwa na upanuzi, akaacha kazi ya zamani ili ajiunge na kampuni yenye jina jipya, anaweza kukosa malipo hayo kwa sababu ya tarehe tu. Nimekaa katika mikutano mingi ambamo watu wa kuhamishiwa kampuni dada waliulizia mshahara, ukawa mzuri, wakatia sahihi. Jina la kampuni lililoandikwa juu ya barua, na kama miaka yao ya nyuma inahesabiwa, hawakuuliza.

Dieppe mambo yalikwenda vingine. Juni 2014 Renault ilinunua nusu iliyokuwa ya Caterham, ikaendelea peke yake. Gari lile, Alpine A110, lilionyeshwa mwaka 2017 na likatengenezwa Dieppe kama ilivyokusudiwa. Wafanyakazi wa pale hawakuanguka pamoja na mshirika aliyetoka, kwa sababu kiwanda kilikuwa cha Renault na kilikuwa na magari mengine ya Renault ya kutengeneza. Mwaka 2020, Renault ilipotangaza mpango wa kubana matumizi, hatima ya kiwanda hicho ilitiliwa shaka tena, na safari hiyo ni kwa sababu A110 ilikuwa imebaki karibu peke yake humo. Kilipewa gari jingine la umeme, A390, lililoonyeshwa mwaka 2025.

Na Lotus, waliomwaga Seven mwaka 1973 ili wakue? Mwaka 2017 kampuni ya Geely ya China ilinunua hisa nyingi za Lotus. Fedha zikaja, karakana za Hethel katika jimbo la Norfolk zikatengenezwa upya, na likatangazwa gari la aina ambayo Lotus hawakuwa nayo kamwe, kubwa, la umeme, la familia, liitwalo Eletre. Lakini hilo hutengenezwa Wuhan, China. Hethel ilibaki na magari ya michezo. Agosti 2025 Lotus ilitangaza kwamba inakusudia kupunguza watu mpaka 550 Uingereza, katika wafanyakazi kiasi cha 1,300. Simlaumu mfanyakazi wa Wuhan, naye ana watoto wa kulisha. Ninachosema ni kwamba upanuzi wa kampuni na upanuzi wa kiwanda ni mambo mawili. Mwajiri anaposema "sisi tunakua", mwulizeni gari hilo litaungwa katika jengo lipi.

Caterham yenyewe ilinunuliwa mwaka 2021 na VT Holdings ya Japani, waliokuwa mawakala wake huko. Mwaka 2023 ilihamia jengo kubwa zaidi, pale pale Dartford, kwa kusudi la kufikisha Seven kama 750 kwa mwaka. Mwaka huo huo ikaonyesha tena gari la pili. Jina lake ni Project V, ni la umeme, lina paa na milango, na lengo lililotajwa ni bei isiyofika pauni 80,000 na uzito usiofika kilo 1,200. Januari 2025 ilitangazwa kwamba mota itatoka Yamaha ya Japani.

Kwa fundi wa Dartford mabadiliko hayo si madogo. Seven inataka spana, ribiti na jicho zuri. Gari la umeme lina betri ya volti mia kadhaa, ambayo mtu asiyefundishwa haruhusiwi kuigusa, na ambayo haiwezi kuuzwa kwa mnunuzi akaiunge Jumapili nyuma ya nyumba. Kamati ya wafanyakazi mahali kama hapo ingepaswa kutaka mafunzo yaanze kabla ya betri ya kwanza kuingia getini, yafanyike ndani ya saa za kazi, na mafundi wa ribiti wenye miaka mingi wawe wa kwanza kwenye orodha.