Washington Omondi: Msomi wa nyatiti aliyeshiriki kutunga wimbo wa taifa

KILA Jumatatu na Ijumaa asubuhi, bendera inapopandishwa katika shule za mtaa wa Mathare, Nairobi, watoto huimba wimbo wa taifa. Beti zake tatu wanazijua kwa ghibu, lakini ni wachache wanaofahamu majina ya waliouunda.

Miongoni mwao ni Washington Omondi. Mwaka wa 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, alikuwa katika jopo la wanamuziki watano pamoja na Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume na Peter Kibukosya.

Wakati huo, nyimbo nyingi za mataifa ziliiga gwaride za Ulaya. Jopo hilo lilichagua wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, kutoka bonde la Mto Tana, kisha likaupangia upatanifu wa sauti kwa kanuni za muziki wa kuandikwa. Ndiyo sababu wimbo huo una utulivu wenye simanzi kidogo, wala hauna kishindo cha vita. Taifa liliupokea usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963.

Omondi hakuishia hapo. Aliigeukia nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi 8, na mwaka wa 1980 akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha London kwa utafiti kuihusu. Ala iliyozoeleka matangani na penye pombe ikaingia katika kumbi za usomi.

Mwaka wa 1982 aliteuliwa kuongoza tume ya kitaifa ya muziki. Ripoti yake ya 1984 ilihimiza muziki wa asili uhifadhiwe na ufundishwe shuleni. Tume ya Kudumu ya Rais kuhusu Muziki iliundwa mwaka wa 1988.

Kwa mtoto wa Mathare, historia hii ina uzito. Piano na fidla ni ghali, na wengi hudhani utunzi wa aina hii ni wa watoto wa matajiri. Mradi wa Ghetto Classics, ulioanzishwa mwaka wa 2008 katika mtaa wa Korogocho, umethibitisha kuwa vijana wa mitaa ya mabanda wanaweza kupiga ala za okestra.

Kazi ya Omondi yaongeza fundisho jingine: mtunzi aweza kuanza na alichonacho, hata kama ni wimbo aliobembelezwa nao na mamaye. Mkataa kwao ni mtumwa.